Jahazi Linataka Ufukwe

Nyumba hujengwa. Jahazi halijengwi, huundwa. Siku hizi hata kamati huundwa. Lakini ukimwambia mzee wa pwani kwamba fulani anaunda, ataelewa kuwa mtu huyo anatengeneza chombo cha baharini.

Twende Nungwi. Nungwi ni kijiji kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Watu wake ni wavuvi na mafundi wa vyombo tangu zamani. Mashua na majahazi mengi ya Zanzibar yametoka katika mchanga wa kijiji hiki.

Fundi wa Nungwi hana karatasi ya mchoro. Chombo chote kimo kichwani mwake. Kwanza hulaza mkuku. Huo ni mti mrefu wa chini, kama uti wa mgongo. Kisha huweka mbao za ubavuni na mataruma. Mataruma ni kama mbavu za mtu. Taruma zuri halipindwi kwa moto wala kwa nguvu. Fundi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe mtini, akalichonga kwa tezo. Kwa hiyo fundi hodari huujua msitu kama anavyoijua bahari.

Tundu hutobolewa kwa keekee. Msumari huzungushiwa pamba kabla ya kupigwa, ili maji yasipate njia. Halafu huja kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Ni kazi ya kuchosha, na haitaki haraka. Pamba ikilegea mahali padogo tu, watu watayachota maji chomboni usiku kucha.

Siku ya kushua, kijiji kizima huitwa. Watu hungoja maji ya bamvua, yanapojaa sana. Hushika kamba, wakaimba, wakavuta.

Sasa fikiri kidogo. Chombo kizito hakiwezi kuundwa mbali na maji. Kinataka mahali pa wazi, penye kivuli, karibu na bahari. Mahali pa namna hiyo ndipo hoteli nayo inapopapenda.

Mwaka 1986 Zanzibar ilitunga sheria ya kulinda vitega uchumi, na wageni wakaanza kuja kwa wingi. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 630,000. Wengi wao hufika Nungwi, kwa kuwa ufukwe wake ni mzuri. Hoteli zimejipanga ufukweni, na mafundi wamebanwa. Bado wapo, na tezo bado inasikika, lakini nafasi imekuwa ndogo.

Tusiwatwishe watalii lawama zote. Mbao nzuri zimekuwa ghali. Mvule na mninga hutoka Bara. Mninga huota katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora, na misitu hiyo imekatwa sana. Mafundi wengine hutumia mwembe, ambao haudumu sana kama mvule. Tena kuna boti za plastiki ngumu na injini. Abiria na mizigo mingi sasa hupanda meli za injini. Na kijana anayeweza kulipwa mshahara hotelini mwisho wa mwezi, kwa nini akae miaka mingi akimshikia fundi ubao? Mimi simlaumu. Watalii wenyewe pia hulipa ili wapande jahazi jioni, na hapo fundi hupata kazi ya kuunda au kukarabati.

Hata hivyo, ufundi usioandikwa hufa upesi. Zamani pwani hii ilikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Tanga lake lilikuwa mkeka. Katika karne ya 20 mitepe ilikwisha baharini. Mwaka 2003 uliundwa mtepe mmoja Zanzibar, ukawekwa katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib. Ulikuwa wa kutazamwa, si wa kusafiria.

Labda nawe unaishi katika kijiji cha pwani, Bagamoyo, Kilwa au Mafia. Huko Bara, ardhi ya kijiji haigawiwi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Siku ombi la mwenye hoteli litakapoletwa, usikae kimya. Uliza: Chombo kitalazwa wapi? Kitapita wapi kwenda majini? Wavuvi watavuta mashua zao wapi kuzikarabati? Taka majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, pamoja na mipaka ya eneo la mafundi. Kisha usome muhtasari huo mwenyewe kabla haujatiwa sahihi.