Bei, Gharama na Ujira: Maneno ya Kutokubaliana na Fundi

Neno bei ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa. Sokoni halina matata: muuzaji hutaja bei ya fungu la nyanya, mnunuzi huomba apunguziwe, wakapatana au wakaachana. Neno hilo hilo likihamishiwa nyumbani, kwa fundi aliyeitwa kutengeneza bomba, kupaka rangi au kurekebisha nyaya za umeme, mara nyingi huzua ugomvi. Sababu ni kwamba kwa fundi hakununuliwi kitu kimoja kinachoonekana. Hulipwa kazi, hulipwa vifaa, na pengine hulipwa nauli na muda wa kukagua. Na yote hayo huwekwa chini ya neno moja, bei.

Makala hii inaeleza maneno yanayotumika katika mabishano ya aina hiyo, tofauti zake za maana na sarufi yake. Kwa mfasiri wa mikataba na maelezo ya mashahidi, tofauti hizo si mapambo: neno moja likikosewa, mtu anaweza kupoteza haki yake ya malipo.

Bei, gharama, ujira na ufundi

Bei limetokana na Kiarabu, ambako asili yake ni tendo la kuuza. Kwa hiyo hukaa vizuri zaidi pamoja na kitu kinachouzwa: bei ya koki, bei ya rangi, bei ya saruji.

Gharama ni jumla ya fedha zinazotoka mfukoni ili jambo likamilike. Koki ina bei. Kubadilisha koki kuna gharama. Katika matumizi ya leo aghalabu hutenganishwa vitenzi viwili: kazi hugharimu, mtu hugharamia. “Ukarabati huu utagharimu shilingi 80,000, nao utagharamiwa na mwenye nyumba.”

Ujira ni malipo ya kazi ya mtu. Shina lake ni moja na la ajiri, ajira na mwajiri. Halijumuishi misumari wala mabomba. Ni haki ya mtu aliyetoa jasho na ustadi wake.

Ufundi, kwa maana ya kamusi, ni ujuzi wa kutengeneza vitu. Katika mazungumzo ya Tanzania limepata pia maana ya ujira wa fundi: “Vifaa utanunua mwenyewe, ufundi ni elfu arobaini.” Matumizi haya ni ya kawaida, na mfasiri asiyeyajua atashangaa kuona ujuzi ukitajiwa shilingi.

Kuhusu ngeli, wanafunzi wakumbuke: ujira huu, malipo haya, gharama hii au gharama hizi, makadirio haya. Maneno kama “malipo hii” na “ujira hii” husikika mitaani, lakini hayakubaliki katika maandishi sanifu.

Mfano wa ugomvi mmoja

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba, mama wa makamo, aliyemwita fundi bomba kwa sababu sinki la jikoni linavuja. Fundi anakagua na kusema, “Mama, hii bei yake elfu arobaini.” Mama anakubali, anatoa shilingi 25,000 za kuanzia, na kazi inafanyika. Jioni mama anatayarisha shilingi 15,000 zilizobaki. Fundi anadai 55,000.

Hesabu ya fundi ni hii: ufundi shilingi 40,000, koki na mpira wa maji shilingi 35,000, nauli ya kwenda dukani na kurudi shilingi 5,000, jumla 80,000, ukitoa 25,000 yanabaki 55,000. Hesabu ya mama ni fupi zaidi: alitajiwa elfu arobaini.

Hakuna mwongo kati yao. Tofauti ya shilingi 40,000 haikutokana na tarakimu bali na neno. Fundi alisema bei akimaanisha ujira. Mama alisikia bei akaelewa gharama. Swali moja lingetosha kabla ya kazi kuanza: “Fundi, hiyo ni ya ufundi peke yake, au ni pamoja na vifaa?” Kifungu pamoja na vifaa, na kinyume chake bila vifaa, vina thamani kubwa kuliko ubishi wowote wa baadaye.

Makadirio na makisio

Kukadiria ni kutaja kiasi baada ya kupima au kuchunguza. Kukisia ni kutaja kiasi kwa kubuni tu. Nomino zake ni makadirio na makisio. Waandishi wengi huyatumia kama visawe, lakini pale fedha zinapobishaniwa ni vyema kuyatenga. Fundi aliyepanda darini akahesabu mabati yaliyotoboka ametoa makadirio. Aliyesimama uani akatazama juu akasema “kama laki mbili hivi” ametoa makisio. Maneno hivi na kama katika kauli ya pili ni ishara kwamba msemaji hajajifunga.

Mfasiri ajihadhari pia kutochanganya makadirio na bei iliyofungwa. Makadirio yanaweza kubadilika iwapo tatizo jipya litaonekana ukuta ukishabomolewa. Hati inapokusudia kwamba kiasi hakitaongezeka, iseme hivyo waziwazi: “bei hii haitabadilika hadi kazi itakapokamilika.”

Fedha za mwanzo na fedha za mwisho

Fedha zinazotolewa kabla ya kazi zina majina kadhaa. Malipo ya awali hufaa katika hati. Kianzio hutumika katika mazungumzo. Arubuni, au arbuni, ni neno la zamani zaidi, lenye maana ya fedha za kuthibitisha kwamba mtu hatageuka. Lisichanganywe na kitenzi rubuni, yaani kumshawishi mtu kwa hila. Kwa mzaha, Watanzania husema pia kishika uchumba, hata kama kinachoposwa ni kabati la nguo.

Kinachobaki kulipwa ni salio au baki. Karatasi ya kudai fedha ni ankara. Karatasi ya kuthibitisha kwamba fedha zimepokewa ni stakabadhi au risiti. Stakabadhi lina undugu na kitenzi kabidhi, na undugu huo husaidia kukumbuka maana: hutolewa baada ya fedha kukabidhiwa, si kabla.

Kukubali na kukubaliana

Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana ndicho moyo wa jambo hili. Mtu mmoja anaweza kukubali. Kukubaliana hutaka wawili. Vivyo hivyo patana, elewana na afikiana. Shahidi akisema “Fundi alikubali elfu arobaini,” ametuambia kwamba kiasi kilitoka upande mwingine, fundi akaridhia. Akisema “Tulikubaliana elfu arobaini,” hatuambii nani alitaja kwanza, ila anadai kwamba pande zote mbili zilifungwa. Mfasiri asibadilishe moja kwa jingine kwa sababu tu ya ladha ya sentensi.

Kuna pia usemi “bei inazungumzika.” Kiambishi -ik- hapa huonyesha uwezekano: bei inaweza kujadiliwa. Usemi huu unafungua mlango wa mapatano, wala si mapatano yenyewe. Hatari zaidi ni ile kauli ya ukarimu, “Wewe fanya tu, tutaelewana.” Kitenzi kiko katika wakati ujao, hakuna kilichoelewanwa bado. Kila upande huondoka na kiasi chake moyoni, na kazi ikiisha viasi hivyo viwili hukutana kwa mara ya kwanza.

Namna ya kupinga bila kumvunjia mtu heshima

Kiswahili humpa mwenye kupinga nafasi ya kuishambulia hesabu badala ya mtu. Linganisha sentensi hizi:

“Umeongeza bei.” / “Naona bei imeongezeka.”
“Umenidanganya.” / “Hapa hesabu zetu hazijalingana.”
“Vifaa gani hivyo vya elfu thelathini na tano?” / “Naomba tupitie vifaa kimoja kimoja, fundi.”

Sentensi za kwanza humshutumu mtu. Za pili hazimtaji mtenda wa kushutumiwa, au humwita mtu kwenye kazi ya pamoja kwa kitenzi cha nafsi ya kwanza wingi: tupitie, tuangalie, tuhesabu. Neno fundi lenyewe, likitumiwa kumwita mtu, ni la heshima. Hulegeza sauti ya swali. Fundi naye atasema “mama”, “mzee” au “bosi” kulingana na aliyesimama mbele yake.

Hata hivyo, kauli isiyomtaja mtenda inaweza pia kuficha. Fundi akisema “vitu vimepanda,” hajasema vimepanda wapi wala lini. Ni haki ya mwenye nyumba kuuliza, kwa upole huo huo, vilinunuliwa duka gani na risiti iko wapi.

Jambo jingine la kuangaliwa ni neno rahisi, ambalo lina maana mbili: isiyo ngumu, na isiyo ya fedha nyingi. Anayesema “Lakini kazi yenyewe ilikuwa rahisi” huenda anazungumzia bei, ila fundi husikia kwamba ujuzi wake umedharauliwa. Kazi iliyochukua dakika kumi huenda ilifanyika kwa dakika kumi kwa sababu mtendaji amejifunza kwa miaka kumi. Kwa maana ya bei, tumia nafuu: “Nilitarajia gharama iwe nafuu kidogo.”

Maneno mazito

Yapo maneno ambayo yakishatamkwa ni vigumu kurudi kwenye mazungumzo. Mwanafunzi ayajue ili ayatambue.

Kulalia ni kumlipa mtu kiasi cha chini kuliko haki yake. Ni malalamiko ya anayelipwa: “Bosi, hapa unanilalia.”

Kupigwa, katika lugha ya mitaani, ni kutozwa kupita kiasi. Ni malalamiko ya anayelipa: “Kwenye hii kazi nimepigwa.”

Kulangua ni kuuza kwa bei ya kuumiza ili kupata faida kubwa. Huhusu zaidi bidhaa, kwa hiyo humfaa muuza vifaa kuliko mtoa kazi.

Kulipua kazi ni kuifanya ovyo na kwa haraka. Anayedai kupunguziwa kwa sababu kazi imelipuliwa ana hoja tofauti na anayesema bei ni kubwa. Huyu wa pili anabishania kiasi. Wa kwanza anabishania ubora. Hoja hizo mbili zikichanganywa, hakuna inayosikilizwa.

Kula hela ni kuchukua malipo na kutofanya kazi, au kuyatumia kwa jambo jingine. Kinyume chake ni kula jasho la mtu, yaani kufaidi kazi yake bila kumlipa. Zote mbili ni tuhuma za wizi, zisitumiwe pale ambapo kilichopo ni kutoelewana tu.

Inapofika mahakamani

Watu wengi hudhani kwamba makubaliano ya mdomo si mkataba. Sivyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kwamba kila mkataba uandikwe. Aidha, mtu akimfanyia mwenzake jambo kwa halali bila kukusudia kulifanya bure, na mwenzake akafaidika nalo, sheria hiyo humpa haki ya kufidiwa. Kwa hiyo “hatukutajiana bei” si sababu ya kutolipa chochote, wala si ruhusa kwa fundi kudai chochote apendacho.

Nchini Kenya, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 iliunda mahakama inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, na inatakiwa kuamua shauri ndani ya siku 60. Mkataba wa kutoa huduma ni miongoni mwa mambo yanayoweza kupelekwa huko.

Katika nyaraka za mashauri, mfasiri aangalie jozi ya mdai na mdaiwa. Mwisho -wa wa kutendwa ndio pekee unaotenganisha anayedai na anayedaiwa, na herufi mbili zikidondoka kwa bahati mbaya, deni huhama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Karatasi moja kabla ya kazi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kazi ya nyumbani, daftari linaweza kuwa karatasi moja au ujumbe wa simu wenye mistari mitano:

Kazi: kubadilisha koki na mpira wa maji wa sinki la jikoni.
Ufundi: shilingi 40,000.
Vifaa: shilingi 35,000, kwa risiti.
Nauli: shilingi 5,000.
Malipo ya awali: shilingi 25,000, salio shilingi 55,000 kazi ikikamilika na kukaguliwa.

Mistari hiyo haimzuii mama kuomba punguzo, wala haimzuii fundi kukataa. Kila mmoja anajua anabishania nini: ujira, vifaa au nauli. Mama aliyeisoma mapema angeweza kusema, “Vifaa nitanunua mwenyewe,” na fundi angeweza kujibu, “Sawa mama, basi nauli itoe.” Kwa mazungumzo hayo mafupi gharama ingejulikana kwa wote wawili kabla sinki halijafunguliwa, na ujira wa fundi usingeguswa.