Kolwezi: Ni nani muuaji katika chumba kilichofungwa?

Mwaka 2014, mkaaji mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, alichimba kiwanjani kwake akakuta mawe meusi yenye kobalti. Habari ilienea haraka. Muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa unachimbwa: uani, kando ya barabara, hata ndani ya vyumba vya kulala. Watu walivunja sakafu ya nyumba, wakafunga mlango, wakashuka chini kwa kamba.

Udongo ukiporomoka huko chini, jirani anaweza asisikie kitu. Mlango umefungwa kwa ndani. Hakuna aliyeingia na hakuna aliyetoka, lakini mtu amekufa.

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wanakifahamu chumba cha namna hiyo. Mmarekani Edgar Allan Poe alikiandika mwaka 1841: watu wameuawa ndani ya nyumba mjini Paris, milango na madirisha yamefungwa, na polisi hawaelewi muuaji alipitia wapi. Katika Kiswahili pia upelelezi una wapenzi wake tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia Bwana Msa, naye Faraji Katalambulla wa Tanzania alitoa kitabu chake mwaka 1965 kwa jina la "Simu ya Kifo". Ukilisoma jina hilo leo ukiwa Kolwezi, unasimama kidogo. Kobalti ya hapa ndiyo inayoingia katika betri za simu zetu, zikiwemo hizi tunazoziita Android.

Roboti wasio na kosa

Neno "android" lilikuwepo kabla ya simu. Maana yake ni mashine yenye umbo la mtu. Sisi Wakongomani mashine za aina hiyo si ngeni kwetu: tangu mwaka 2013 roboti walisimama kwenye njia panda za Kinshasa kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake. Neno "roboti" lenyewe lilitoka katika tamthilia ya mwaka 1920 ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki. Katika lugha yake lina asili ya kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu wa wakati wa Wabelgiji hawahitaji kutafsiriwa maana hiyo.

Mwaka 1957 Isaac Asimov aliandika riwaya ya upelelezi iitwayo "The Naked Sun", katika dunia yenye watu wachache sana na roboti wengi kupita kiasi. Huko kuna sheria moja isiyovunjika: roboti hawezi kumdhuru binadamu. Hata hivyo kiongozi mmoja anakunywa sumu akiwa nyumbani kwake, amezungukwa na roboti tu. Anaponea chupuchupu. Ni nani aliyetaka kumuua?

Mpelelezi anafumbua fumbo hilo kwa hesabu rahisi. Roboti wa kwanza aliambiwa amimine maji fulani ndani ya kinywaji. Hakujua kama ni sumu, wala kama kuna mtu atakayekunywa. Roboti wa pili aliambiwa apeleke kinywaji kwa bwana wake, hakujua kilichomo. Kila mmoja alitii sheria na kila mmoja hana kosa. Mwenye kosa ni yule aliyeigawa kazi vipande viwili.

Hadithi hiyo ni ya kubuni. Lakini mkaaji wa Lualaba akiisoma, hawezi kuiona kuwa ngeni.

KOV, tarehe 27 mwezi wa sita

Tarehe 27 mwezi wa sita mwaka 2019, ardhi iliporomoka katika mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi. Wachimbaji wa mikono wapatao 40 walipoteza maisha. Mgodi huo ni wa kampuni ya Kamoto Copper Company, ambamo Glencore ya Uswisi ina sehemu kubwa na Gécamines ya serikali yetu ina sehemu ndogo.

Hapa pia kilikuwa chumba kilichofungwa: eneo la kampuni, lenye mipaka na walinzi, ambalo mtu asiye na ruhusa hatakiwi kuingia. Glencore ilieleza kwamba kwa wastani watu 2.000 walikuwa wakiingia kila siku bila ruhusa. Basi walipitia wapi? Kampuni ilisema hao ni wavamizi. Serikali ilituma jeshi liwaondoe. Ma-creuseur nao walikuwa na jibu lao: sehemu zilizotengwa kisheria kwa uchimbaji wa mikono ni chache, na ardhi nyingi yenye madini mazuri imekwisha kupewa kampuni. Kila mmoja alitoa maelezo yake, na wafu walizikwa.

Mlango wa Washington

Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, fumbo lilivuka bahari. Shirika la International Rights Advocates lilifungua kesi Washington kwa niaba ya familia za Kikongomani ambazo watoto wao walikufa au kulemazwa katika mashimo ya kobalti. Walioshitakiwa ni Apple, Alphabet yenye kumiliki Google, Dell, Microsoft na Tesla.

Mwaka 2021 hakimu aliitupilia mbali kesi hiyo. Tarehe 5 mwezi wa tatu mwaka 2024, mahakama ya rufaa ilikubaliana naye. Majaji hawakusema kwamba watoto hawakuumia. Walichosema ni kwamba kununua kobalti kupitia mnyororo mrefu wa dunia nzima si sawa na kushiriki katika biashara moja na wale waliowatumikisha. Kwa maneno mengine, aliyebeba kinywaji hakuthibitishwa kuwa mshirika wa aliyemimina sumu.

Safari ya gunia

Ili kuelewa kwa nini ushahidi unapotea, fuata gunia moja. Mchimbaji analitoa shimoni. Linabebwa kwa pikipiki mpaka depo, labda Musompo, nje kidogo ya Kolwezi. Hapo mnunuzi anapima ubora kwa mashine ya Metorex. Mchimbaji hana yake, hivyo analazimika kuamini namba anayoonyeshwa. Kisha mawe yanamwagwa pamoja na mawe ya mashimo mengine.

Dakika hiyo ndiyo fumbo linapofungwa. Jiwe lililotoka katika shimo salama na jiwe lililotoka katika shimo lililomfunika mtoto huwa lundo moja. Baadaye viwanda husafisha, malori hupita Kasumbalesa kuelekea bandarini, China husafisha tena, mwingine hutengeneza betri, mwingine simu. Muulize yeyote kati yao: atakuambia alifanya kipande chake tu.

Si kwamba sheria hazipo. Mtoto haruhusiwi kuchimba, na shimo la mkono halitakiwi kupita mita 30. Mwaka 2016, ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ilionyesha jinsi mawe hayo yanavyotoka mikononi mwa watoto mpaka kwenye viwanda vya betri. Mwaka 2017, Kasulo ilizungushiwa ukuta, familia nyingi zikahamishwa, na ununuzi ukapewa kampuni moja ya Kichina. Mwaka 2019, serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt ili kobalti yote ya mikono ipitie mlango mmoja. Ila vifo havikukoma. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, daraja lilianguka katika mgodi wa Kalando. Viongozi wa jimbo walitangaza vifo visivyopungua 32. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ilieleza kwamba milio ya risasi za wanajeshi iliwatia watu hofu wakakimbilia darajani.

Ndiyo maana kila gunia linapaswa kuandikwa jina la shimo lake kabla ya kumwagwa depo, na jina hilo lisiachane nalo mpaka kiwandani. Kazi hiyo haihitaji roboti. Inahitaji kalamu, daftari, mzani wa haki na mtu anayelipwa vizuri kiasi cha kutonunulika. Mnunuzi akiwa na daftari kama hilo mezani kwake, hataweza tena kumwambia hakimu kwamba hakujua mawe yake yalitoka katika shimo la nani.