Kibali Kitolewe, Ufunguo Ubaki kwa Mwenyewe

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 2018, watu wapatao milioni 90 katika pembe zote za dunia walifungua simu na kompyuta zao wakakuta wametolewa nje ya Facebook, na wakatakiwa kuingia upya. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba maneno yao ya siri yameibwa. Sivyo ilivyokuwa. Kampuni hiyo ilieleza kwamba hapakuwa na haja ya mtu yeyote kubadili neno lake la siri, kwa kuwa wezi hawakuchukua ufunguo wa mtu, walichukua vibali. Tofauti iliyopo baina ya ufunguo na kibali ndiyo tunayokusudia kuieleza katika makala haya, maana usalama wa kila atumiaye simu ya kisasa, wakiwemo wasomaji wetu, umesimama juu yake.

Neno la siri lina umri mkubwa. Lilianza kutumika katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), nchini Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walibuni njia ya kuwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu na mafaili yake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa chuoni hapo, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizogawiwa hazimtoshi. Akaiagiza mashine imchapie orodha nzima ya maneno ya siri, nayo ikatii. Hivyo tangu siku za mwanzo ilidhihirika kwamba siri ikishawekwa mahali, asiyehusika aweza kuifikia. Na kadiri inavyowekwa mahali pengi, ndivyo hatari inavyozidi.

Mwaka 1983 chuo hicho hicho kilianzisha mradi wa Athena, uliokusudia kuwapatia wanafunzi kompyuta nyingi zilizounganishwa. Hapo likazuka swali jipya: je, mwanafunzi aandike neno lake la siri kwa kila mashine inayomhudumia, ile ya barua, ile ya kuchapa na ile ya kuhifadhi mafaili? Wataalamu walijibu kwa kubuni mfumo walioupa jina la Kerberos. Mwanafunzi alijitambulisha mara moja tu kwa mashine moja iliyoaminiwa, naye akapewa tiketi yenye muda maalumu. Mashine nyingine ziliitazama tiketi hiyo. Neno la siri hazikuliona kamwe.

Utaratibu huo si mgeni kwa watu waishio karibu na mipaka. Msafiri afikapo kituoni huonyesha hati zake kwa ofisa wa uhamiaji, naye hugongewa muhuri unaotaja siku alizoruhusiwa kukaa. Huko aendako, anayetaka kujua kama ameingia kwa halali huutazama muhuri tu. Haulizi cheti chake cha kuzaliwa, wala hapewi mamlaka ya kugonga muhuri yeye mwenyewe. Siku zikiisha, muhuri ule haufai kitu.

Simu ya kisasa hubeba programu nyingi, na kila moja hufungiwa katika chumba chake ili isichungulie mambo ya jirani yake. Mtu aliyekwisha kujitambulisha kwa Google katika simu ya Android hufungua barua, ramani na YouTube bila kuulizwa tena, kwa kuwa programu hizo ni za nyumba moja na simu yenyewe inazitambua. Programu za nje hazina budi kupitia mlango mwingine. Kwa taratibu za OAuth 2.0, zilizochapishwa mwaka 2012, na za OpenID Connect za mwaka 2014, programu humpeleka mwenye simu kwenye ukurasa wa yule anayemfahamu, akajitambulisha huko, kisha programu ikarejeshewa tokeni, yaani kibali kinachofungamana na mtu fulani, kazi fulani na muda fulani.

Hata hivyo, hatari ilikuwa imejificha katika jambo lililoonekana dogo. Baadhi ya programu zilikuwa zikiufungua ukurasa huo wa kujitambulisha ndani ya dirisha lao wenyewe. Kwa macho ukurasa ulikuwa ule ule, lakini mwenye dirisha angeweza kuisoma kila herufi iliyoandikwa. Ni sawa na msafiri kumkabidhi utingo wa basi hati zake zote ili ampelekee kwa ofisa. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itapiga marufuku mtindo huo, na mwaka 2017 ikaanza kuyakataa maombi ya namna hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika kanuni za intaneti, ilichapisha mwongozo unaozitaka programu za simu zimpeleke mtu kwenye kivinjari cha simu yenyewe. Faida yake ni mbili. Programu hailioni neno la siri. Aidha, kivinjari hukumbuka kwamba mtu huyu amekwisha kutambuliwa, hata programu ya pili inapofika, mwenye simu haulizwi tena.

Turudi sasa kwenye mkasa wa mwaka 2018. Chanzo chake kilikuwa mabadiliko yaliyofanywa mwezi wa Julai mwaka 2017 katika sehemu ya kupakia video. Kasoro tatu zilikutana katika huduma iliyomwezesha mtu kuutazama ukurasa wake kama mwingine auonavyo, na huduma hiyo ikawa inatoa tokeni ya yule mwingine. Aliyeidaka aliingia bila kuulizwa neno. Hesabu ya kwanza ilitaja watu milioni 50. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa waliodhurika walikuwa milioni 30 hivi. Mwezi wa Desemba mwaka 2024, tume ya kulinda taarifa za watu ya Ireland iliitoza kampuni mama, Meta, faini ya yuro milioni 251.

Mkasa huo una mafunzo mawili. Kwanza, kibali kikiwa mikononi mwa mwizi hufungua mlango sawasawa na ufunguo. Pili, kibali chaweza kubatilishwa na aliyekitoa, na ndiyo sababu watu milioni 90 walitolewa nje: vibali vyote vilivyotiliwa shaka vilifutwa kwa mara moja, pasipo mtu kubadili neno lake.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mlango mmoja ukizibwa, wote hukwama. Wananchi wa Kenya hupata maelfu ya huduma za serikali kupitia eCitizen. Mwezi wa Julai mwaka 2023 wahalifu waliusonga mlango huo kwa wingi wa maombi ya uongo. Serikali ilisema kwamba taarifa za watu hazikuibwa, lakini huduma nyingi zilitatizika kwa pamoja, hata ikabidi wageni wapewe viza wanapowasili.

Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wetu waulinde ufunguo huo mmoja kwa uangalifu kuliko zamani, na wauongezee uthibitisho wa pili pale unapopatikana. Kabla ya kuandika neno la siri, mtu na atazame ni nani mwenye ukurasa ulio mbele yake. Aidha, ifahamike kwamba kuiondoa programu kwenye simu si kukifuta kibali chake. Orodha ya vibali huwekwa katika akaunti yenyewe, na huko ndiko mtu anakopaswa kwenda kuvibatilisha, hasa simu inapopotea, au anapotaka kuiuza au kumpa mwingine.

Nao wanaotengeneza programu katika nchi zetu wanao wajibu wao. Wasiombe ufunguo pale ambapo kibali kinatosha, wasitoe kibali cha muda mrefu kwa kazi ya siku moja, na mtu akisema anatoka, basi atoke kweli. Mwananchi ataamini huduma za simu pale tu atakapojua kwamba ruhusa aliyoitoa mwenyewe, mwenyewe pia aweza kuirudisha.