Machinga wa Dodoma na Fedha za UVIKO-19

UVIKO-19 ilipothibitishwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2020, Serikali ilifunga shule na vyuo lakini haikufunga masoko, na kwa mchuuzi wa soko la Majengo au la Sabasaba jijini Dodoma, ambaye hula kile alichouza siku hiyohiyo, uamuzi huo ulikuwa msaada uliozidi mwingine wowote wa mwaka ule, ingawa wapo waliouona kuwa ni kuichezea afya yake. Nchini Uganda, wauza vyakula waliamriwa kulala sokoni wasije wakaupeleka ugonjwa majumbani. Tanzania iliwataka wauzaji wake wanawe mikono kwa maji tiririka na sabuni.

Hata hivyo, soko kuwa wazi si soko kuwa na wanunuzi. Wateja wanapopungua, kinachoyumba kwanza ni mali kauli, yaani utaratibu wa muuzaji wa jumla kumpa mchuuzi bidhaa kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza. Hatua za Benki Kuu za Mei 2020 hazikuugusa uhusiano huo: ziliziruhusu benki kulegeza masharti ya marejesho, jambo lililomfaa mwenye mkopo wa benki, na zikapandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, ingawa muuza nyanya anayeshika milioni 5 kwa siku ni nadra kama mvua ya Agosti Dodoma.

Fedha zenyewe zilikuja baadaye. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambamo wamachinga, yaani wachuuzi wadogo wasio na maduka, walitengewa bilioni 5 za kuboresha maeneo ya biashara, kiasi kisichofika nusu ya asilimia moja. Kipindi hichohicho walikuwa wakiondolewa kandokando ya barabara, na Dodoma ikawajengea soko la wazi katika Barabara ya Bahi. Paa na kizimba ni vitu vya maana, lakini aliyekwisha kula mtaji huingia kizimbani mikono mitupu.

Mtaji ulipaswa kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria ya 2018 iliigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kwa kuwa kijana alihesabiwa hadi miaka 35, mwanamume wa miaka 40 asiye na ulemavu, auzaye mitumba peke yake, hakuwa na fungu hata moja; kilichombakia ni wakopeshaji wa mtaani, ambao mikopo yao watu wameipa jina la kausha damu.