Kuishi Chini ya Maji na Kujifanya Umededi: Mbinu za Wanyama na Mimea za Kitale na Bungoma

Unajua vile mama mboga hufanya akiskia kanjo wameingia mtaa? Anakunja gunia, anapotelea kwa uchochoro, anarudi wakishaishia. Sasa huko ushago kwenu kuna wanyama na mimea zimecheza hiyo game kabla hata mji wa Webuye haujaitwa mji. Na wengine wao saa hii wako ndani ya shamba la mathee, wanamaliza mahindi yenye ilifaa ilipe karo ya mdogo wako. Ndiyo maana hii story inakuhusu.

Kwanza tuelewane. Kiumbe huweza kupambana na mazingira kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mwili: kwato, miiba, manyoya mazito. Ya pili ni tabia: kile anafanya, anakifanya saa ngapi, na anakifanyia wapi. Leo tunabonga hasa kuhusu tabia. Na usidhani kuna siku swara waliitisha mkutano wakaamua kubadilika. Wenye walikuwa na tabia ya kujificha vizuri waliishi, wakazaa, watoto wakairithi. Wenye walizubaa waliliwa. Rudia hiyo kwa maelfu ya vizazi, utapata wasanii wa ukweli.

Nzohe: anaishi chini ya maji, literally

Kwa barabara ya Kitale kwenda Kapenguria kuna Saiwa Swamp, mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote Kenya. Ni kama kilomita 3 za mraba tu, na ilianzishwa mwaka 1974 kulinda swara mmoja anaitwa nzohe, ama sitatunga. Hapo huingii na gari. Unatembea kwa miguu, unapanda mnara wa mbao, unatulia.

Nzohe ana kwato ndefu zinapanuka, ndio asizame kwa matope. Hiyo ni mwili. Lakini kwa ardhi ngumu hizo kwato zinamfanya akimbie vibaya. Kwa hivyo akiona hatari hachomoki mbio kama swara wengine. Anaingia ndani ya maji na kuzama, anabakisha pua tu juu. Adui anapita, anaona mafunjo na maji, anaenda zake. Wewe ukisema unafanya deal chini ya maji, huyu ndiye mwenye hiyo msemo.

Kima mwenye ndevu: akiona ngori, anaganda

Hapo hapo Saiwa kuna kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe kama guka. Kima wengi wakishtuka hupiga kelele na kuruka ruka. Huyu hapana. Anaganda kwa tawi, hatikisiki, na anaweza kukaa hivyo masaa mob. Tai na chui hutafuta kitu inasonga. Ukikosa kusonga, ni kama haupo.

Ndovu wanaenda shift ya usiku kusaka chumvi

Panda sasa Mlima Elgon, wenye umeshika Trans Nzoia upande mmoja na Bungoma upande mwingine. Mvua ya huko ni mingi na huosha chumvi kutoka kwa udongo, so majani ya kula yako tele lakini chumvi ni shida. Ndovu wa Elgon walipata solution: wanaingia ndani ya mapango kama Kitum usiku, kwa giza totoro, wakipapasa njia na mkonga. Wakifika ndani wanachimba ukuta na pembe, wanasaga mawe yenye chumvi, wanatafuna. Ndama hufuata mama, hivyo njia inapita kutoka kizazi kimoja hadi kingine bila ramani.

Lakini tabia ikijulikana inaweza kukuuza. Majangili walijua ndovu watapitia wapi, na miaka ya 1980 waliwamaliza vibaya. Na wewe usiende kuzurura ovyo ndani ya Kitum: mwaka 1980 na 1987 kuna wageni wawili walitembelea hilo pango, kisha wakashikwa na virusi vya Marburg na wakaaga. Popo wa matunda ndio hubeba hivyo virusi bila wao kuugua.

Mimea pia hujipanga

Usidhani mmea umesimama tu. Juu ya Elgon, karibu na kilele cha Koitobos chenye kiko mita 4,222, mchana jua linachoma na usiku kuna barafu. Senesio kubwa za huko hufunga majani yao jioni kama mtu anavaa hudi, ndio chipukizi la katikati lisigande. Asubuhi zinafungua tena. Hata majani yaliyokufa haziangushi, zinayaacha yafunike shina kama koti.

Huku chini kuna kifauongo. Jina limesema yote. Ukigusa anakunja majani na kulegea, anajifanya amededi. Ng'ombe ama mdudu akiona jani limenyauka ghafla, na miiba imetokeza, anatafuta lunch kwingine. Baada ya dakika kadhaa kifauongo anaamka kama hakuna kitu ilifanyika.

Kumbikumbi na ile drama ya Bungoma

Hii unaijua. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, kumbikumbi wanatoka kwa kichuguu kama abiria wa mat imefika stage. Mbona wote siku moja? Sababu ni tatu. Udongo umelainika, so dume na jike wataweza kuchimba nyumba mpya. Vichuguu vingine pia vimetoa, so kila mtu ana chance ya kupata mchumba wa kutoka kwingine. Na wakiwa maelfu kwa maelfu, ndege, kuku na wewe na sufuria yako hamtawamaliza.

Sasa cheki akili ya watu wa huko. Wanafunika kichuguu, wanamwaga maji kidogo, wanapiga vijiti chini kwa mdundo wa mvua. Kumbikumbi wanadhani mvua imekuja, wanatoka wenyewe. Hao wazee walielewa tabia ya mdudu kabla ya mtu yeyote kuwaletea kitabu.

Wale wanakula jasho ya mathee

Hapa ndipo inauma. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi, mdudu wa kutoka bara la Amerika, aliingia mashamba ya magharibi mwa Kenya. Mchana anajificha ndani ya lile koni la majani katikati ya mhindi, anaziba mlango na kinyesi chake, na dawa inapita juu juu bila kumfikia. Anakula sana jua likiwa limeshuka. Ukipulizia dawa saa sita mchana, umetupa doo. Pulizia asubuhi mapema ama jioni, elekeza ndani ya koni, na ufanye hivyo akiwa bado mdogo. Afadhali hata umkague kila wiki, ukiona mayai kwa jani uyaponde na vidole.

Mwingine ni striga, lile gugu lenye maua ya zambarau. Mbegu yake inaweza kulala chini ya udongo hadi miaka 20, inangoja. Mizizi ya mahindi hutoa kemikali za kuita kuvu rafiki wa kusaidia kupata fosforasi. Striga anadukua hiyo simu. Akiskia tu, anaota, anajishikilia kwa mzizi na kunyonya. Mhindi unadumaa hata kabla gugu halijaonekana juu.

Lakini naye anaweza kuchezwa. Tangu miaka ya 1990, wanasayansi wa ICIPE pale Mbita na wenzao wamesukuma mbinu inaitwa sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake inaamsha mbegu za striga halafu inazizuia kushika mahindi, so zinakufa njaa. Harufu yake pia inafukuza nondo wa viwavi. Pembeni unazungusha majani ya napia, yanawavuta hao nondo watage huko. Na desmodiamu na napia zote ni chakula ya ng'ombe. Ni ile ile akili ya kupiga vijiti kwa kichuguu: jua adui anaskiza nini, umwambie uongo.

Mbinu huisha nguvu

Kitu moja ya mwisho. Tabia hufanya kazi mazingira yakibaki vile yalikuwa. Nzohe anajua kuzama, lakini hawezi kuzama kwa shamba la mahindi. Mashamba yamezunguka Saiwa pande zote, na udongo na mbolea kutoka huko huteremka hadi kwa kinamasi. Maji yakiisha, ile mbinu imemlinda tangu zamani itakuwa bure kabisa.

Kwa hivyo ukienda home msimu huu, usikae tu kwa simu. Ingia shamba na mathee saa kumi na mbili asubuhi, fungua koni la mhindi uangalie ndani. Na kama shamba lenu linapakana na mto ama kinamasi, acheni nafasi ya mafunjo kando ya maji. Kuna msee amejificha hapo, pua tu ndiyo iko nje.