Juu ya boti ya tanga, Uvira mpaka Kalemie

Wengi wetu tunalijua ziwa Tanganyika kwa namba za mtihani: urefu kilometa 673 hivi, kina mita 1.470, la pili duniani nyuma ya Baikal, na maji yake yanatokea kwa mto Lukuga, pale Kalemie. Lakini mutu anayetoka Uvira kwenda Kalemie na mzigo hahesabu mita, anahesabu upepo. Nimepanda boti za mbao mara kadhaa kufuata mazao ya wakulima. Nataka kueleza namna maisha yanapita mule ndani, juu sehemu ya chakula chetu inaokoka ao inaharibika pale.

Boti niliyopanda mara ya mwisho ilikuwa na motere moja nyuma, kapiteni, matelo wanne, mlingoti mmoja na tanga la bashi lililoshonwa kwa mkono. Tanga hilo si pambo. Esansi iko bei, na upepo ukikubali, motere inazimwa ili mafuta yabaki kwa kupigana na mawimbi kesho yake.

Upepo wenyewe uko na ratiba. Usiku, milima ya huku kwetu inapoa haraka kuliko maji. Hewa baridi ni nzito, inashuka na kupuliza kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa boti inayofuata pwani ya Kongo, upepo huo unakuja ubavuni, kwa hiyo tanga linasaidia anayeshuka kusini na anayepanda kaskazini pia. Karibu na ukingo mawimbi yanabaki madogo, juu upepo haujapata nafasi ya kuyakuza. Jua likishapasha milima, mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani na kusukuma boti kwenye mawe. Njo maana mchana wanatafuta kijiji cha kupumzikia. Tena kuna ule wa kusini-mashariki wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, unaofuata ziwa kwa urefu wake wote. Huo anayeelekea Kalemie anaupokea usoni. Tulishinda Yungu siku mbili tukiangalia maji tu.

Mjini wanasema boti zinasafiri usiku kwa kukimbia kodi. Wengine ndiyo, sikatai. Serikali nayo imekataza safari za usiku mara nyingi juu ya ajali, na watu wanakufa kweli. Kwangu mimi shida kubwa zaidi ni uzito. Boti iliyobakiza shubiri moja ya ubao juu ya maji itazama hata mchana. Kuondoka alfajiri kabisa kunakupa mwisho wa upepo wa nchi kavu, na mwanga unakukuta njiani. Hapo matelo wanaona wimbi, na wavuvi wanaorudi na ndagala wanakuona.

Ndani, kazi isiyoisha ni kufua maji. Mbao zinavuja hata zikizibwa vizuri, kwa hiyo matelo mmoja yuko na kopo mkononi saa zote, wanapokezana. Mbabula inawekwa ndani ya karai lenye mchanga, mbali na bidoni za esansi, na bugali na samaki vinapikwa mara moja kwa siku. Maji ya kunywa yanachotwa ziwani, na hapo nakuwa mkali: Uvira, Fizi na Kalemie ni nchi ya kipindupindu, maji masafi kwa macho hayatoshi. Mama mmoja muuzaji alikuwa anatembea na dawa yake ya klorini, akitia ndani ya bidoni na kungoja nusu saa. Choo hakuna. Wanaume hawaoni shida. Wamama wanakataa kunywa mchana kutwa mpaka boti iguse mchanga, na kwa joto lile ni hatari. Sijasikia kapiteni anayepanga vituo kwa sababu hiyo.

Tunakuja kwa mzigo, hapa agronomia inaingia. Vitu vizito vinakaa chini ili boti isiyumbe. Ni sawa, lakini chini njo kwenye maji, na kizito mara nyingi ni muhogo mkavu. Muhogo unavuta unyevu, siku ya pili uvundo umeanza, na nje ya gunia huoni kitu. Fito zikipangwa chini, magunia yakabaki juu ya maji, mzigo unafika mkavu. Nyanya nazo zinapumua na kutoa joto. Ukizifunika bashi kila upande umezipika. Zinahitaji kivuli juu na upepo pembeni. Ndagala wakavu wakae mbali na vyote viwili.

Fito hizo hazigharimu hata nauli ya mutu mmoja. Lakini kapiteni analipwa kwa gunia, siyo kwa gunia kavu, na mama anayepoteza hana wa kudai. Anayetafuta somo la memware aende kupima pale: unyevu wakati wa kupakia, unyevu wakati wa kushusha, gunia la chini na la juu. Kapiteni wanakubali ukae na mizani yako, ulipe nauli tu, na zamu ya kopo ikikufikia ufue maji kama wengine.