Dawa Zinazofungua Askari wa Mwili

Melanoma ni saratani ya ngozi iliyo mbaya sana. Mara nyingi huanza kama doa dogo jeusi. Lisipokatwa mapema, ugonjwa huenea mpaka kwenye mapafu, ini au ubongo. Zamani wagonjwa wengi waliofikia hali hiyo hawakumaliza mwaka. Siku hizi baadhi yao huishi miaka mingi.

BREKI YA ASKARI

Damu yetu ina chembe nyeupe. Hizo ni kama mgambo wa kijiji. Hulinda mwili usiku na mchana. Lakini mgambo asiyezuiwa huweza kumpiga hata mwenyeji. Kwa hiyo mwili umewawekea askari wake breki. Saratani ni mwizi mjanja. Huikanyaga breki hiyo, nao askari husimama wakimtazama.

Dawa mpya haziui saratani zenyewe. Huondoa breki, na askari hufanya kazi yao. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kugundua njia hiyo. Dawa ya kwanza, ipilimumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Mgonjwa hutundikiwa dripu kila baada ya wiki kadhaa.

Mwaka 2015 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikutwa na melanoma kwenye ini na ubongo. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapewa pembrolizumabu. Mwaka huohuo vipimo havikuona saratani tena. Alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka 100.

SI WOTE HUPONA

Katika utafiti mmoja, wagonjwa walipewa dawa mbili za namna hii pamoja. Baada ya miaka 10, watu 43 katika kila 100 walikuwa hai. Tena askari waliofunguliwa huweza kushambulia utumbo, mapafu au ini. Mgonjwa akiharisha sana au akikosa pumzi, amwambie daktari mara moja.

TAZAMA UNYAYO WAKO

Dawa hizi ni ghali sana. Kukata doa mapema ni bora zaidi. Kwa watu weusi, melanoma hutokea zaidi kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley ilimwanza kwenye kidole cha mguu. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36 tu.

Ndugu msomaji, ukioga leo, geuza unyayo uutazame. Ukiona doa jeusi linalokua, au kidonda kisichopona, usilikwangue wala usilichome. Nenda zahanati.